Jumamosi ya Dezo Bwawani

Mbele ya duka la chambo la Bi Retha, katika mji mdogo wa Pell Fork, lipo benchi refu la mbao lililong'olewa kanisani mwaka kanisa lilipofungwa, na tangu siku hiyo halijasikia neno la toba. Hapo ndipo kijiwe. Ukikaa hapo unaliona bwawa zima, toka kwenye maegesho ya magari mpaka kwenye matete, na unamsengenya kila anayekuja kuvua kabla hajatoa mguu garini. Wenye benchi ni watatu. Wa kwanza ni Okey, aitwaye Shemasi, kwa sababu alikuwa shemasi kweli mpaka alipoanza kuwasahihisha wahubiri katikati ya mahubiri. Wa pili ni Harless, aitwaye Redio. Kiunoni ana kidude cha kunasa maongezi ya polisi na zimamoto, na atakachokisikia hakilali tumboni mwake. Wa tatu ni Denzil, aitwaye Kofia, maana kofia yake imejaa beji za leseni za kuvulia, moja kila mwaka, miaka arobaini na mmoja, hata akitikisa kichwa inalia kama kishada cha funguo. Jumamosi hiyo ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, kahawa ilikuwa ya moto na bwawa limefurika watu. Ilikuwa ile siku moja katika mwaka ambayo jimbo hutangaza: njooni na watoto wenu mvue bure, leseni leo hatuulizi.

— Waoneni, alisema Redio. Waoneni jamani! Yule kaja na mwavuli. Mwavuli! Anavua au anauza madafu?

— Huyo ana nafuu, Shemasi akadakia. Yule wa viatu vyeupe chambo chake ni soseji. Tena kaipaka haradali. Nimeona kwa macho yangu haya mawili.

— Pengine kambare wa siku hizi hawali kikavu, alisema Bi Retha kutoka mlangoni, birika mkononi.

— Usiwatetee, Retha.

— Simtetei mtu. Ila nimeuza minyoo tangu alfajiri mpaka kopo la mwisho, kwa hiyo watukaneni polepole. Mtu akisikia anatukanwa hanunui.

Wakacheka. Kofia naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, kama mtu aliyechekeshwa kwa lugha asiyoijua vizuri. Hakuna aliyemwona. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeishika simu, na simu ilikuwa na ujumbe mfupi alioupata jana jioni, akausoma mara nane kabla ya kulala na mara tatu baada ya kuamka.

Ujumbe ulisema: "Baba. Kesho tutapita Pell Fork. Maylee anataka kuvua samaki, na nimesikia kesho ni bure. Usipokuwepo pia ni sawa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomla. Usipokuwepo pia ni sawa! Miaka sita binti yake Dreama hajampigia simu. Miaka sita, na mjukuu mwenyewe anamjua kwa picha tu aliyoonyeshwa na mke wa jirani. Sasa mtoto anakuja. Anakuja kuvua samaki na babu yake katika bwawa ambalo babu huyo, kwa kichwa chake timamu na kwa mdomo wake mrefu, alikuwa ameshalifanyia kazi.

Tutafika huko. Kwanza msikieni Redio.

— Hivi ninyi mmewahi kukaa mkajiuliza kwa nini wanatoa bure? Serikali gani duniani inampa mtu kitu bure? Mimi wananikata mpaka kwenye pensheni. Halafu leo, eti, kavue bwana, chukua familia. Hapana! Hapo pana jambo.

— Jambo gani? aliuliza Shemasi, akijua fika kwamba jibu lipo tayari.

— Muuza unga anafanyaje? Ya kwanza bure. Ya pili unamtafuta mwenyewe. Hawa watoto leo wavute kambare mmoja, kesho wanalilia fimbo ya kuvulia, keshokutwa leseni, na leseni ikishaingia mwilini haitoki. Mtazameni Kofia. Huyo mtu aliwahi kuacha?

— Mimi nalipa, alisema Kofia. Miaka arobaini na mmoja nalipa.

— Ndiyo nasema! Walikunasa!

— Hata nyoka kule bustanini, alisema Shemasi akiinua kidole, hakumtoza Hawa hata senti.

— Haya, tusaidie, alisema Bi Retha.

— Nasema cha bure kina mwenyewe. Wahenga walinena: haraka haraka haina baraka.

— Na hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu, we tulia tu.

Redio alishusha sauti, akatazama kulia na kushoto, ingawa mtu wa karibu zaidi alikuwa yule wa mwavuli, na mwavuli wenyewe ulikuwa umempindukia usoni.

— Mimi naona si leseni. Leseni ni geresha. Wanahesabu watoto. Watoto nchi hii wamepungua, mmesikia? Sasa ukituma karani mlango kwa mlango, watu wanamtolea bunduki. Ukisema "samaki bure", wanakuja wenyewe, na watoto mkononi, wamejipanga ukingoni kama kuku kwenye kamba. Juu kuna ndege ndogo isiyo na rubani. Inahesabu: huyu wawili, huyu watatu, huyu hana. Mwakani asiye na mtoto anatozwa kodi.

— Mimi ninao saba, alisema Shemasi kwa haraka.

— Wewe umepona.

— Lakini nami nitawaambieni kitu. Nani alileta wale kambare? Lori la tangi. Nani aliwalisha kambare kule bandani walikofugwa? Serikali. Waliwalisha nini? Shemasi alinyamaza ili swali lizame. Dawa ya upole. Mtu akila kambare wawili hasemi tena. Barabara imebomoka, hasemi. Mgodi umefungwa, hasemi. Ndiyo maana wanataka wale familia nzima, baba na mama na watoto.

— Wewe jana ulikula kambare kumi na mmoja, alisema Bi Retha, na bado tunakusikia.

Hapo benchi liliangua kicheko mpaka mbao zikalia. Ndipo Redio alipogeuka, akampiga Kofia begani kwa mapenzi yote ya duniani.

— Lakini hii ya jana, mzee! Hii wataisimulia mpaka wajukuu.

Kofia alitazama ndani ya kikombe chake.

Na mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alhamisi lori la idara lilikuja likamwaga kambare mia na ishirini bwawani kwa ajili ya siku ya bure. Redio alilisikia kwenye kidude chake kabla halijapinda kona. Jioni ile ile hapa benchini walikaa wakanung'unika: sisi tunaolipa tunavua matope mwaka mzima, wadandiaji wakija mara moja wanawekewa samaki kama wamewekewa meza! Ndipo Kofia akasema, tena akasema akitabasamu: "Sheria ni samaki wanne kwa kila mwenye leseni kwa siku. Watu thelathini wenye leseni, mara wanne. Fanyeni hesabu." Ijumaa walikuja thelathini. Mafundi, wastaafu wa mgodini, akina mama wa kwaya ambao leseni zao zilikuwa hazijawahi kuona maji. Bwana samaki wa wilaya alipita, akakagua karatasi, akahesabu ndoo, akakuta kila kitu halali, akaondoka akikuna kichwa. Jioni kambare wote mia na ishirini walikaangwa kwa unga wa mahindi katika jumba la zimamoto, mji mzima ukala, na banjo ikapigwa. Kofia ndiye aliyekuwa kwenye karai. Mikono ilikuwa imejaa unga hadi viwikoni simu ilipotetema mfukoni.

— Sheria tulivunja? aliuliza Redio.

— Hatukuvunja, alijibu Shemasi. Asiyekuwepo na lake halipo. Tena wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Tukawakunja. Tukawakaanga.

— Hiyo ni ya kulea watoto, we mzee, alisema Bi Retha.

— Watoto wanakunjwaje?

— Mungu wangu.

— Na walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake mgeni akifika, akute mwenyeji ameshapona. Ameshakula, ameshiba, anapiga mbweu.

Redio alipiga mbweu palepale kuthibitisha.

Kofia alitazama bwawani. Watoto kama arobaini walikuwa wamekaa ukingoni, na hakuna fimbo hata moja iliyokuwa imepinda. Mvulana mmoja alikuwa ameanza kuvulia mawe. Mambo hayo jana yangemfurahisha hadi machozi. Leo yeye mwenyewe alikuwa amefika hapa saa kumi na nusu alfajiri, giza bado, na maini ya kuku na kurunzi, akizunguka bwawa lote akitafuta kambare mmoja tu aliyesahauliwa. Mmoja! Si mkubwa. Alivua mpaka jua likatoka. Alipoona hakuna kitu alirudi nyumbani akafungua friza kutafuta hata samaki wa barafu, akakuta nyama ya paa na aiskrimu. Kisha akaja kukaa benchini kama kawaida, akasema "Habari za asubuhi, wazee", na wazee wakamsifu.

— Kofia bwana ni mtu wa msimamo, Redio aliendelea, na ukitaka kumnyamazisha Redio akishaanza ni mpaka umtoe betri. Nani hapa anaweza kukosa harusi ya binti yake wa pekee? Nani? Harusi imepangwa Jumamosi ya kufungua msimu wa kuvua samaki aina ya trauti. Kila mtu mwenye akili anajua siku hiyo hafi mtu wala haolewi mtu. Kofia akasema, wao waoane, mimi nina leseni. Akaja saa ya keki na magamba kwenye shati!

— Na yule trauti, alisema Shemasi kwa heshima.

— Lahaula, yule trauti! Kofia, waonyeshe.

Hii ndiyo ilikuwa sehemu yake. Miaka sita sasa, kila hadithi ikifika hapa, Kofia hunyoosha mkono wa kushoto, kisha kwa kiganja cha kulia hukata begani: huyu hapa, toka kucha mpaka hapa. Safari hii alinyoosha mkono, akakata kwenye kiwiko.

— Amepungua? aliuliza Redio.

— Kazeeka, alisema Bi Retha, akamtazama Kofia kwa jicho la kumpima.

Gari dogo la bluu liliingia kwenye maegesho. Namba za jimbo la Ohio.

— Ohio! Redio alipiga paja. Hao kwao wanavua kwenye beseni! Angalia, angalia, anashusha fimbo. Ni ya rangi ya waridi! Ina picha ya farasi!

— Farasi mwenye pembe, Shemasi alisahihisha.

— Kambare akiiona hiyo anakufa mwenyewe kwa kicheko. Ebu tazama, na kofia ya jua ya mtoto, na kijikopo... We dada! Redio aliinua sauti mwanamke alipokaribia benchi akiwa amemshika mtoto mkono. Hiyo fimbo ya kuvulia au ya kupambia keki?

Mwanamke alisimama. Alikuwa mrefu, mkavu wa uso, na nywele amezifunga kisogoni kama mtu aliyejiandaa kwa kazi na si kwa matembezi.

— Mzee Harless, alisema. Kumbe bado hawajakuzima.

Redio alifungua mdomo, akamtambua, akaufunga. Bi Retha alikohoa kicheko ndani ya mkono.

— Hujambo, Dreama, alisema Kofia. Alikuwa amesimama bila kujua ameshasimama, na kofia inalia kichwani.

— Sijambo, baba. Kumbe upo.

— Nipo. Na mumeo, Curtis?

— Kazini. Ana zamu. Dreama aliitazama kofia, akaitazama mikono ya baba yake, kisha akamsukuma mtoto mbele kidogo. Huyu ndiye Maylee.

Mtoto alikuwa na miaka mitano, na meno mawili pungufu. Alimkagua babu yake toka chini hadi juu, akaishia kwenye beji.

— Una vitu vingi kichwani, alisema.

— Vingi, mama. Vingi sana.

— Mimi nina minyoo. Alifungua kikopo. Huyu anaitwa Susan. Na huyu.

— Na huyu mwingine?

— Wote ni Susan.

Kofia alichuchumaa, magoti yakalia. Jamani, mtu huyu alikuwa na hotuba! Tangu alfajiri alikuwa anaitunga: nilikosea, nilikuwa mpumbavu, mama yako angekuwa hai angenipiga mwiko. Yote yalimpotea. Akabaki anawatazama Susan wanavyojiviringisha, huku macho yanamwasha.

— Sikilizeni, alisema, hapa leo pamejaa mno. Twendeni mtoni. Kule juu, darajani. Kuna kivuli.

— Mtoni kuna mawe, alisema Dreama. Nimemwonyesha bwawa kwenye picha, ndilo analolizungumzia wiki nzima. Mama alinifundishia hapo, karibu na matete. Tutakaa hapo.

— Kule kuna upepo mzuri zaidi, ndiyo nasema.

— Baba. Nimeendesha gari masaa matatu. Tutakaa kwenye matete.

Sasa mtu mwingine angeona. Shemasi aliona, akampiga Redio kiwiko. Lakini Redio alikuwa anaumia kwa kosa la ile fimbo ya waridi, akataka kurekebisha, na Redio akitaka kurekebisha kitu jifiche.

— Dada Dreama, msikilize mzee, usimpeleke mtoto bwawani, ataota mizizi! Hamna kitu mle. Hamna hata chura. Kofia, kwani hujamwambia?

— Hujaniambia nini, baba?

— Harless, alisema Kofia.

— Usione haya, mzee, jambo la sifa! Redio alimgeukia Dreama, uso unang'aa. Jana tulilimaliza lote. Mia na ishirini! Ili hawa watu wa dezo wakija wakute maji matupu. Wazo la nani? La baba yako! Mimi nisingeweza kuliwaza hilo hata ningepewa mwaka. Watu thelathini, samaki wanne wanne, halali tupu, mpaka bwana samaki kakuna kichwa!

Huko bwawani mtoto wa mtu alikuwa analia kwamba anataka kurudi nyumbani.

— Ni wazo lako? aliuliza Dreama.

— Lilikuwa... Ilikuwa Alhamisi. Ujumbe wako uliingia jana jioni. Nilikuwa nakaanga.

— Sikukuuliza saa.

— Ni wazo langu.

Dreama alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyefungua barua na kukuta kilekile alichotarajia. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

— Unajua nilimwambia nini Curtis? Nilimwambia siku hii hawezi kuikosa. Harusi, sawa. Kuzaliwa kwa mtoto, sawa. Lakini siku ya kuvua samaki baba atakuwepo, na patakuwa na samaki, hilo tu ndilo jambo analoliweza. Alicheka kidogo, kicheko kibaya. Hata hilo, baba. Hata hilo moja!

Beji arobaini na moja zilikuwa kimya kichwani mwa Kofia.

Maylee alikuwa anafuatilia kwa kumtazama kila anayesema. Sasa alimvuta babu yake mkono wa shati.

— Babu, mmewala wote?

— Wote, mama.

— Hata wadogo?

— Hata wadogo.

— Ulijua mimi nakuja?

— La! Haki ya Mungu sikujua. Kofia alimshika mabega yote mawili. Ningejua unakuja wewe nisingemgusa hata mmoja. Ningewalinda usiku kucha. Haki ya Mungu, Maylee, sikujua ni wewe.

Mtoto alifikiri. Aligeuka akatazama ukingo wote wa bwawa, wale watoto arobaini na fimbo zao zilizonyooka, yule wa mwavuli, yule wa soseji na mwanawe mgongoni. Kisha akawatazama wazee wa benchi mmoja mmoja, bila ubaya wowote, kama anayeuliza choo kiko wapi.

— Sasa mlidhani wanakuja watoto wa nani?

Redio aliangalia kidude chake kiunoni kama kitamsaidia. Kidude kilikoroma, akakizima. Shemasi alifungua mdomo, na ungemtazama ungeona methali zinapita machoni pake, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyokubali kushuka. Hata "wahenga walisema" hakuisema. Alikunja mikono, akatazama viatu vyake.

— Retha, alisema Redio kwa sauti ndogo. Niongeze kahawa.

— Kahawa imekwisha, alisema Bi Retha.

Birika lilikuwa zito mkononi mwake, linatoa mvuke, na wote watatu waliliona. Akaingia nalo ndani akafunga mlango.

Kofia aliinuka. Alivua ile kofia, akaiweka benchini pale alipokuwa amekaa, na kipara chake kikaonekana cheupe juu ya uso uliochomwa na jua, jambo ambalo wenzake hawakuwa wameliona tangu mazishi ya mkewe. Akaichukua fimbo ya waridi. Akamwangalia Dreama.

— Kwenye matete, alisema. Kama bado unataka.

Dreama alikawia. Alilitazama gari, akamtazama mtoto, ambaye tayari alikuwa ameshatangulia na kikopo chake.

— Nusu saa, alisema.

Wakateremka. Nafasi ilikuwa moja tu, kati ya mwavuli na soseji, na Kofia akajibana hapo. Yule wa viatu vyeupe alisogeza kiti chake kuwapisha.

— Leo wamegoma, mzee, alimwambia, lakini nina imani. Wanangu wameomba jana usiku.

Kofia aliitikia kwa kichwa. Alimtundika Susan kwenye ndoano, akamfundisha Maylee kushika fimbo, kidole gumba hapa, usivute kwa pupa, akarusha mshipi. Boya jekundu likaanguka, likatulia. Katika watu wote waliokuwa ukingoni asubuhi ile, wakubwa kwa wadogo, wenye mwavuli na wenye haradali, kila mmoja alikuwa na tumaini lake, isipokuwa yeye. Alikaa akilitazama boya kwa sababu mtoto alikuwa analitazama.

Nusu saa ikapita. Dreama hakusema twende. Ikapita nyingine. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, magoti kakumbatia, upande wa pili wa mtoto.

— Siku ile ya harusi, alisema hatimaye, bila kugeuka. Ulipata wangapi?

Kule juu benchini walikuwa wanamwona. Angeweza kuunyoosha mkono wa kushoto. Miaka sita mkono ulikuwa unanyooka wenyewe.

— Sikupata hata mmoja.

— Na yule trauti?

— Hakuna trauti. Kulinyesha. Nilikaa mpaka saa tisa, nikaloa, mshipi haukuguswa hata mara moja. Nikaona aibu kuja kwako mikono mitupu. Yale magamba nilijipaka, nilimwomba mvuvi mmoja wa darajani.

Dreama alimgeukia. Alimtazama muda mrefu, kipara na yote. Kisha akaanza kucheka, na hakikuwa kicheko cha huruma. Alimcheka baba yake kama anavyostahili kuchekwa, mpaka akajifuta macho kwa kiganja.

— Ulijipaka magamba!

— Nilijipaka.

— Kwa hiyo ulikosa harusi, na samaki ukamkosa.

— Vyote viwili.

— Afadhali, alisema. Stahili yako.

Akafungua mfuko, akatoa mkate wenye nyama na jibini, akaukata vipande viwili kwa mkono. Kimoja akakipitisha nyuma ya mgongo wa mtoto bila kumtazama mzee. Kofia alikipokea kwa mikono miwili.

— Dreama, mimi...

— Shii! alisema Maylee, macho kwenye boya. Nyamazeni nyote wawili. Mnawatisha samaki.

Wakanyamaza.